Koili ya jiko la umeme: kwa nini hukatika, na jinsi ya kufunga inayodumu

Jiko la koili ndilo jiko la umeme la bei ya chini kuliko mengine: sahani ya udongo mgumu yenye mifereji, waya uliosokotwa kama springi ndani ya mifereji hiyo, bati chini yake, na swichi pembeni. Umeme ulipofika vijijini, jiko hili lilifuata nyuma. Na nyuma ya jiko likaja lalamiko ambalo kila fundi analifahamu: koili imekatika tena.

Tiba ya haraka tunaijua wengi. Unachomoa plagi, unavuta ncha mbili zilizoachana, unazikunja moja ndani ya nyingine kama kulabu, unawasha. Jiko linawaka, na mara nyingine linaonekana kali kuliko lilipokuwa jipya. Siku chache baadaye linakatika palepale, au jirani na pale. Unaunga tena. Ukifika mara ya tatu au ya nne, waya unawaka kwa rangi ya machungwa badala ya nyekundu, plagi inatoa harufu ya plastiki, na tundu la soketi limeanza kuwa la kahawia.

Jiko hilo halikuharibika kwa bahati mbaya. Kila unapofupisha koili unaiongezea mzigo. Kuna hesabu rahisi inayoonyesha hivyo, na ukiielewa utajua pia namna ya kuchagua na kufunga koili itakayokaa miaka badala ya wiki.

Waya unaokaidi umeme

Umeme ukipita katika waya wowote hukutana na ukinzani, yaani ukaidi wa waya huo, na ukaidi ndio unaogeuka kuwa joto. Shaba ina ukaidi mdogo sana, ndiyo maana nyaya za nyumba hutengenezwa kwa shaba: tunataka umeme ufike, si upotee njiani. Koili ya jiko inahitaji kinyume chake. Inahitaji waya mkaidi ambao pia hauyeyuki wala kuliwa na hewa ukiwa mwekundu kwa saa nzima.

Waya wa namna hiyo ulikuwa tatizo kubwa mpaka Mmarekani Albert Marsh alipochanganya nikeli na kromi, akapewa hati ya ugunduzi wake mwaka 1906. Mchanganyiko huo huitwa nikromu. Kwa kawaida huwa na nikeli sehemu 80 na kromi sehemu 20 katika kila 100. Ukaidi wake ni kama mara 65 ya ule wa shaba, na huyeyuka karibu nyuzi 1,400 za Selsiasi. Siri yake ni ngozi: unapopata moto mara ya kwanza, kromi hushikana na hewa na kuacha tabaka jembamba la kijivu linaloziba waya usiendelee kuliwa. Kwa hiyo usiikwangue koili ya zamani kwa msasa ukidhani unaisafisha. Unaivua ngozi yake.

Miaka ya 1920, Hans von Kantzow wa Sweden alipata mchanganyiko mwingine wa chuma, kromi na aluminiamu, unaojulikana kwa jina la Kanthal. Nao unafaa, huhimili joto kali zaidi na hauna nikeli, ambayo ni ghali. Kasoro yake ni kwamba ukishawahi kuwa mwekundu, ukipoa huwa mkavu kama kijiti, ukiukunja unavunjika. Ukitaka kujua koili uliyo nayo ni ya aina gani, chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Ikivuta waya, ni ule wenye chuma. Isipovuta, ni nikromu. Kama ni wenye chuma na umeshatumika, usihangaike kuuvuta wala kuukunja upya.

Waya huohuo mwembamba ndio uliomo ndani ya sigara za kielektroniki, zile ambazo vijana wa mijini huziita vepu. Humo koili ni ndogo kama springi ya kalamu, imezungushwa kwenye pamba iliyolowa kimiminika chenye nikotini, na betri ikiipasha joto inatoka mvuke. Uingereza na Marekani kuna watu wanaosokota koili zao wenyewe kwenye ncha ya bisibisi, wakitafuta mvuke mwingi, na hesabu yao ni ileile ya jiko. Betri ya volti 4.2 ikiunganishwa na koili ya omu 1 inatoa ampea 4.2. Ikiunganishwa na koili fupi ya omu 0.2 inatoa ampea 21, na betri isiyotengenezwa kwa mzigo huo huchemka na inaweza kupasuka mkononi au mfukoni. Pamba ikikauka, koili huunguza pamba, na kimiminika kilichobaki huvunjika na kutoa formaldehaidi, ambayo ni sumu. Nikotini yenyewe hushika mtu kama ile ya sigara ya kawaida. Kama kijana wako amerudi likizo na kifaa hicho, sasa unajua ndani kuna nini. Turudi jikoni.

Hesabu ya kufupisha

Chukua jiko la wati 1,000 kwenye umeme wa volti 230, kama wa Tanzania. Ili litoe wati 1,000, koili yake lazima iwe na ukinzani wa karibu omu 53. Kenya na Uganda, ambako umeme ni volti 240, jiko la wati hizo huhitaji karibu omu 58. Fundi hupata namba hii kwa kuzidisha volti kwa volti, kisha kugawanya kwa wati.

Sasa koili imeungua, kipande kikaanguka, ukaunga. Tuseme imebaki robo tatu ya urefu wake. Ukinzani nao umebaki robo tatu, karibu omu 40. Ukaidi umepungua, umeme unaopita umeongezeka, na jiko sasa ni la wati 1,333. Ndiyo maana linaonekana kali, na ndiyo maana watu husema fundi amelipatia.

Lakini hebu angalia upande wa waya. Joto limeongezeka kwa theluthi, na waya wa kulibeba umepungua kwa robo. Kila inchi ya waya sasa inabeba karibu mara 1.8 ya mzigo wake wa zamani. Ukiibakiza nusu, jiko linakuwa la wati 2,000 na kila inchi inabeba mara nne. Waya uliotengenezwa ufanye kazi ukiwa mwekundu unalazimika kufanya kazi ukiwa wa machungwa au wa njano, ngozi yake inapasuka, na unakatika. Nyaya za plagi nazo zinabeba umeme ambao hazikutegemea, hasa kama jiko limechomekwa kwenye waya mwembamba wa kurefushia umeme uliopita chini ya mkeka. Moto wa nyumba unaweza kuanzia hapo mkekani, mbali kabisa na jiko.

Kiungo cha kulabu chenyewe ni tatizo la pili. Ncha mbili hugusana kwenye nukta ndogo tu. Umeme wote unajibana kupita pale, panatoa cheche, panapata joto kuliko sehemu nyingine, na ndipo panapokatika. Wengine huunga kwa kipande cha waya wa shaba, ambacho huliwa na moto kikawa unga mweusi. Wengine hutumia risasi ya kulehemu redio. Risasi hiyo huyeyuka chini ya nyuzi 250, na koili nyekundu ina nyuzi 700 au 800, kwa hiyo hudondoka kabla maji ya chai hayajapata moto.

Umeme mdogo wa jioni

Kuna jambo linalowagusa zaidi watu wa vijijini, na ambalo mafundi wa mjini huwa hawalifikirii. Kijiji kilicho mwishoni mwa laini, mbali na transfoma, hupata umeme hafifu jioni wakati kila nyumba imewasha taa, runinga na jiko. Volti 230 zinaweza kushuka hadi 180. Ukidhani jiko limepungua nguvu kidogo tu, umekosea: kwa volti 180 jiko la wati 1,000 linatoa wati 612. Maharage hayaivi, mama anakasirika, fundi anaitwa.

Fundi asiyejua kilichotokea huikata koili mpaka jiko liwe na moto wa kutosha jioni hiyo. Ili lifikishe wati 1,000 kwa volti 180 atalazimika kubakiza kama asilimia 61 ya waya. Wote wanafurahi. Alfajiri, kijiji kimelala na taa zimezimwa, volti zimerudi 230, unawasha jiko upike uji. Sasa ni jiko la wati 1,633 kwenye waya uliopungua sana, na kila inchi inabeba zaidi ya mara mbili na nusu ya kiasi chake. Koili inakatika asubuhi, na lawama inaenda kwa koili “feki”. Koili feki zipo, sikatai, ila nyingi zinazolaumiwa ziliuawa hivi.

Kama umeme wa jioni ni mdogo, dawa si kukata koili. Pika maharage mchana. Loweka tangu usiku. Funika sufuria. Na kama nyumba zote za mtaa zinalalamika, hiyo ni kazi ya shirika la umeme: nendeni pamoja mkaombe volti zipimwe saa za jioni, si saa nne asubuhi fundi wao anapokuja na kukuta kila kitu kiko sawa.

Kwa wenye sola ndogo: jiko hili si lenu. Wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 83, na ukiliunganisha moja kwa moja na betri hiyo litatoa chini ya wati 3, haliwezi hata kupasha kikombe cha chai.

Koili nzuri ni nene na ndefu

Dukani utakuta koili mbili zimeandikwa wati 1,000 zote, moja nyepesi na moja nzito. Watu huchukua nyepesi kwa sababu bei ni ndogo. Zipime.

Waya wa nikromu wenye unene wa milimita 0.4 unahitaji urefu wa mita 6 hivi kufikisha omu 53. Waya wa milimita 0.5 unahitaji karibu mita 9 na nusu. Zote mbili zitatoa wati zilezile na kula uniti zilezile, yaani uniti moja kwa saa. Tofauti iko kwenye ngozi ya waya, ambayo ndiyo inayotoa joto nje. Koili ya kwanza ina ngozi ya sentimita za mraba kama 77, ya pili karibu 149. Joto lilelile likitoka kwenye ngozi iliyo karibu mara mbili, waya unabaki na rangi nyekundu ya chini badala ya machungwa. Haichoki haraka. Kwa hiyo, kati ya koili mbili za wati sawa, chukua nzito, mradi tu iingie kwenye mifereji ya sahani bila kulazimishwa na bila kuinuka juu ya ukingo.

Usinunue koili ya wati nyingi kuliko jiko lako. Jiko la wati 1,000 lina swichi na nyaya za wati 1,000.

Kuifunga

Chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, sababu utaiona mbele. Toa koili ya zamani na ukague sahani ya udongo. Kama ina ufa unaopita mpaka chini kwenye bati, acha kabisa: koili ikigusa bati kupitia ufa huo, jiko zima linakuwa na umeme. Sahani haigundishwi kwa simenti wala kwa gundi. Hununuliwa nyingine.

Chukua uzi, uulaze ndani ya mfereji kutoka skrubu ya kwanza hadi ya mwisho, kisha uunyooshe chini. Huo ndio urefu ambao koili yako inatakiwa kufikia. Koili mpya huja imebanana, mizunguko imegusana. Shika ncha mbili, vuta polepole mpaka ipite kidogo urefu wa uzi ukiwa bado unaivuta, kisha iachie, itarudi na kutulia. Watu wengi hukosea hapa: huvuta kipande kimoja kimoja kwa kucha wakiwa wanakipachika, na matokeo yake sehemu moja mizunguko imeachana kama ngazi, sehemu nyingine imesongamana. Mizunguko iliyosongamana hupashana joto yenyewe kwa yenyewe, na hapo ndipo waya utakapokatika. Ivute yote kwa mara moja, kabla ya kuipachika.

Ukiipachika, isiinuke kwenye kona. Kwenye kona za mfereji mizunguko hupenda kukusanyika upande wa ndani, irekebishe kwa bisibisi.

Ncha zinazoenda kwenye skrubu zinahitaji uangalifu kuliko sehemu nyingine. Nyoosha waya wa kila ncha kiasi cha kidole, ukunje urudi nyuma, usokote viwe nyaya mbili pamoja. Sehemu hiyo nene itabaki na joto dogo, na skrubu haitaungua. Tumia skrubu, washa na nati za chuma, kaza barabara, kwa sababu skrubu iliyolegea ni kama kile kiungo cha kulabu. Waya unaotoka kwenye skrubu kwenda swichi usiwe wa plastiki ya kawaida. Uliza dukani waya wa kuhimili joto, wenye ganda la silikoni au mrija wa nyuzi za kioo, kama ule uliokuja na jiko.

Sufuria, mwiko na waya wa ethi

Koili ya wazi ina umeme kamili wa nyumba, na sufuria ya aluminiamu inakaa milimita chache juu yake. Sufuria iliyobonyea katikati, koili iliyoinuka, au uji uliochemka ukamwagikia mferejini, vyote hufikisha umeme kwa anayekoroga. Mwandishi wa makala haya aliwahi kutupwa hatua mbili nyuma na kijiko cha chuma akiwa miguu mitupu kwenye sakafu ya udongo mbichi, na tangu siku hiyo anakoroga kwa mwiko wa mti akiwa amevaa ndala.

Sakiti breka iliyo ukutani haikulindi katika hili. Hukata pale umeme unapozidi ampea zake, labda 16 au 20. Mtu anaweza kuuawa na sehemu ndogo sana ya ampea moja, na breka haitajua kama kuna lililotokea. Kinachosaidia ni vitu viwili. Cha kwanza ni waya wa ethi: plagi ya pini tatu, waya wa tatu umefungwa kwenye bati la jiko, na nyumba ina nondo ya ethi iliyozikwa ardhini. Jiko linalouzwa na plagi ya pini mbili halina kinga hiyo. Cha pili ni breka maalumu inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30. Kama unafunga umeme sasa hivi, mwambie mkandarasi aiweke tangu mwanzo.

Swichi ya jiko hukata waya mmoja tu. Kama soketi ilifungwa kinyume, au plagi ni ya pini mbili inayoingia upande wowote, swichi inaweza kuwa inakata waya usio na umeme huku ule wenye umeme ukiendelea kuishi ndani ya koili. Jiko limezimwa, koili ni baridi na nyeusi, na bado inaua. Kwa hiyo kusafisha, kupangusa uji, au kurekebisha koili ni baada ya kuchomoa plagi, kila siku.

Hita za maji za kutumbukiza kwenye ndoo ni jambo jingine. Koili yake imefichwa ndani ya bomba la chuma lililojazwa unga mweupe wa kuzuia umeme. Ikiungua haifungwi upya, hutupwa. Na usiiwashe ikiwa nje ya maji, wala usitie mkono kwenye maji kabla ya kuichomoa.

Kuijaribu

Kabla ya kuchomeka, ipeleke kwa fundi simu wa kijijini. Ana mita ya kupimia umeme, na kazi hii ni ya dakika mbili. Aweke ncha za mita kwenye skrubu mbili za koili, swichi ikiwa imezimwa: jiko la wati 1,000 lisome karibu omu 50, la wati 1,500 karibu 35, la wati 2,000 karibu 26. Koili baridi husoma pungufu kidogo ya ikiwa ya moto, hivyo tofauti ndogo isikutishe. Kisha ahamishe ncha moja aiguse bati ya jiko sehemu isiyo na rangi. Hapo mita isisome chochote. Ikisoma namba yoyote, koili inagusa mahali, na jiko halichomekwi.

Kuiwasha mara ya kwanza, litoe jiko nje ya nyumba, jioni giza likianza, bila sufuria. Litatoa moshi kidogo wa vumbi na mafuta ya kiwandani. Lisubiri dakika tano huku ukiangalia rangi. Koili iliyofungwa vizuri huwa nyekundu ya aina moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiona sehemu imeng’aa kuliko nyingine, hapo mizunguko imebanana. Chomoa, acha ipoe kabisa, itenganishe taratibu kwa bisibisi, kisha uiwashe tena. Sehemu nyeusi karibu na skrubu ni sawa, ndizo zile ncha ulizosokota mara mbili.